Kutoka Nyuma na Paki: Mwongozo Kamili kwa Kocha wa Hoki ya Barafuni

Paki, kile kisahani kigumu kinachochezewa, imetupwa kwenye kona yako. Beki wako anateleza kuifuata, timu pinzani yote iko mgongoni mwake, na mmoja wao anakuja kwa kasi ambane ukutani. Ana kama sekunde mbili. Asipoitoa paki salama hapo, timu yako itafungiwa kwenye eneo lake huku miguu ikizidi kuchoka, mpaka kipa aidake au wavu utikisike.

Makocha wengi wakifika kwenye somo hili la kutoka nyuma, yaani kuitoa paki kwenye eneo lenu la ulinzi, huchora. Ubao unajaa mishale, wachezaji wanaitikia kwa vichwa, halafu mechi inaanza na beki yule yule anaibamiza paki ukutani bila kuangalia. Michoro haina kosa. Ila uamuzi wa kutoka nyuma hufanywa kabla paki haijaguswa, na michoro mingi huanzia pale ilipokwisha kuguswa. Mwongozo huu unaanzia nyuma zaidi, kwenye macho na sauti, ndipo uje kwenye mifumo. Nachukulia kuwa unazijua sheria za msingi na kwamba una wachezaji wanaoweza kusimama, kugeuka na kuteleza kinyumenyume bila kuanguka. Kama bado hawajafika hapo, tumia muda wako kwenye kuteleza kwanza.

Kabla ya yote: pima uwanja wako

Uwanja wa NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, una urefu wa karibu mita 61 na upana wa mita 26. Viwanja vya kimataifa vina urefu wa mita 60, na upana unaweza kufika mita 30. Kutoka ukuta wa nyuma hadi mstari wa buluu, ambao ndio mpaka wa eneo lako la ulinzi, ni kama mita 23, na mstari wa goli uko zaidi kidogo ya mita 3 mbele ya ukuta huo. Yaani ile njia ya nyuma ya goli ni nyembamba, na ndiyo itakayoamua mambo mengi tutakayoyaona hapa.

Tofauti ya mita 4 za upana si ndogo. Kwenye uwanja mpana beki ana pumzi ya ziada, lakini pasi ya kwenda kwa winga ni ndefu na inakatika kirahisi. Kwenye uwanja mwembamba winga yuko karibu, na mkabaji, yaani mpinzani anayekuja kumpokonya beki paki, naye yuko karibu. Timu ikisafiri kutoka aina moja ya uwanja kwenda nyingine, tenga sehemu ya zoezi la kwanza kwa jambo hili tu.

Wapo pia wanaojifunzia kwenye viwanja vidogo. Kenya Ice Lions, timu ya Nairobi ambayo nchi yake ilipokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni mwaka 2024, wamekulia kwenye uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambao haufikii vipimo vya kimataifa. Kwenye barafu ya namna hiyo utajifunza vizuri sana pasi fupi, kugeuka na kulinda paki ukutani. Pasi ndefu hutajifunza, na usipoteze muda kuilazimisha.

Hatua ya 1: Shingo igeuke mara mbili

Mara ya kwanza ni pale beki anapogeuka kuanza kuifuata paki. Hapo anataka kujua wakabaji ni wangapi na wanatokea upande gani. Mara ya pili ni mita chache kabla ya kuifikia. Safari hii anatafuta jambo moja: mkabaji wa kwanza yuko kwenye bega lipi. Akiwa bega la kushoto, atoke kulia. Akiwa mgongoni kabisa, amdanganye kwa bega kuelekea upande mmoja kisha atoke na mwingine.

Kosa utakaloliona kila wikendi ni beki kuangalia mara moja, mapema mno, halafu akainamisha kichwa mpaka anapoifikia paki. Katikati hapo mkabaji amekwisha badili njia, na beki anatoa pasi kwa picha iliyopitwa na wakati.

Mwendo nao una mpangilio wake. Hatua za kwanza ziwe za nguvu zote ili aipate paki akiwa na nafasi. Akikaribia apunguze kidogo, kwa sababu mkabaji akiona beki anapunguza hulazimika kuchagua upande. Asiende moja kwa moja kama anayetaka kugonga ukuta kwa uso. Aje kwa mzingo, mwili ukiwa ubavu, gongo likiwa na uhuru wa kucheza pande zote mbili.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo halina mjadala, hasa kwa watoto. Mahali pa hatari ni pale mchezaji anaposimama kama mita moja kutoka ukutani, uso ukiutazama ukuta. Akisukumwa hapo ataangukia kichwa au shingo. Ama awe ameshikamana na ukuta kabisa, ama awe mbali nao. Kumgonga mtu kwa nyuma ni kosa lenye adhabu, sawa, lakini filimbi ya refa haiponyi shingo.

Hatua ya 2: Sauti

Beki anayefuata paki ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote uwanjani. Kipa anaona kila kitu. Beki mwenza anaona karibu kila kitu. Basi kazi ya kuona wagawiwe hao.

Kipa aanze: "Mtu!" kama kuna mkabaji karibu, au "Peke yako!" kama nafasi ipo. Baada yake beki mwenza ataje njia kwa neno moja: "Juu!", "Vuka!", "Zunguka!", "Rudisha!" au "Ukuta!" Chagueni maneno yenu mnayoyapenda, mradi yawe mafupi, yasifanane kwa sauti, na timu nzima itumie hayo hayo kuanzia watoto hadi wakubwa. Nimeona timu ambayo wachezaji watatu walikuwa na majina matatu ya jambo moja, na kocha akashangaa kwa nini paki inapotea.

Kwenye mazoezi weka kanuni ngumu: bila sauti, zoezi linasimama na kurudiwa. Wiki mbili za kwanza zitakuchosha. Wachezaji wengi, hasa vijana, huona aibu kupiga kelele wakati mambo yanakwenda sawa. Aibu hiyo huisha siku kipa anapomwokoa beki kwa neno moja.

Hatua ya 3: Watatu wa mbele wasikimbie

Hapa ndipo timu nyingi huvurugika, na lawama huenda kwa beki asiye na kosa.

Senta, mshambuliaji wa kati, ashuke chini, karibu na nguzo ya goli, kisha apande pamoja na paki, akiwa chini ya winga. Senta anayepanda mapema akitafuta pasi ndefu anamwachia beki njia moja tu, na mpinzani anajua ni ipi. Kishawishi chenyewe kina historia: shirikisho la kimataifa liliondoa kizuizi cha pasi ya kuvuka mistari miwili, wa buluu na wa katikati, mwaka 1998, na NHL ikafuata kwenye msimu wa 2005-06. Tangu hapo kila kijana anajiona mtu wa kupokea paki kwenye mstari wa mbali na kubaki na kipa. Inatokea mara chache na inapendeza sana ikitokea, na hiyo ndiyo taabu yake.

Winga wa upande wa paki akae ukutani, usawa wa duara la kuanzishia, mgongo ukiwa ukutani na macho yakiona beki wake na beki wa mpinzani kwa pamoja. Gongo liwe juu ya barafu kabla pasi haijatoka. Angalia pia mkono wake. Winga wa kushoto anayecheza gongo upande wa kushoto huiokota paki inayokuja ukutani kwa uso wa gongo. Yule wa mkono mwingine hulazimika kuipokea kwa mgongo wa gongo, au ageuke. Anaweza kuwa mkali zaidi mbele ya goli la mpinzani, ila huku nyuma anahitaji mazoezi ya ziada.

Winga wa upande wa mbali aingie katikati, tayari kukata njia kwa mbele. Asivuke mstari wa buluu mpaka paki iwe mikononi mwa mtu wa kwao.

Hatua ya 4: Njia tano

Usizifundishe zote kwa mpigo. Kwa timu changa anza na "Juu" na "Vuka", mechi kadhaa, kisha uongeze. Timu inayojua mbili kwa uhakika hutoka nyuma mara nyingi zaidi kuliko inayozijua tano nusunusu.

"Juu" ni pasi ya beki kwenda kwa winga wa upande ule ule. Ndiyo ya haraka kuliko zote, na hutumika pale mkabaji wa kwanza amechelewa au amekwenda kukata njia ya nyuma ya goli. Ugumu wake hauko kwenye pasi ya kwanza bali kwenye ya pili. Winga ameipokea paki ukutani na beki wa mpinzani anamshukia. Ana chaguo tatu: amguse senta anayepita chini yake, ampelekee winga wa mbali anayekata katikati, au aisukume paki kwa kioo kilicho juu ya ukuta itoke nje ya mstari wa buluu. Mzoeshe kufuata mpangilio huo huo, senta kwanza. Mguso uwe mmoja. Winga anayepokea, akatuliza, akaangalia, huwa amekwisha gongwa.

"Vuka" ni pasi ya beki kwa beki kupitia nyuma ya goli, kwa hiyo hutumika mkabaji wa kwanza anapoziba upande wa paki. Beki mwenza kwanza alinde mbele ya goli. Akiona mwenzake ameidhibiti paki ndipo ashuke kwenye kona ya pili, chini kabisa, karibu na usawa wa mstari wa goli. Akipokea akiwa amepanda juu sana, pasi italazimika kukata mbele ya goli, na ukiikosa hiyo utakwenda kuitoa paki wavuni.

"Zunguka" inahitaji beki mwenye miguu. Anaichukua paki na kulizunguka goli kwa kasi, akipita karibu kabisa na nguzo ili goli lenyewe limzuie mkabaji. Beki mwenza abaki mbele ya goli. Asimzuie mkabaji kwa mwili, kwani tangu msimu wa 2005-06 waamuzi wa NHL wamekuwa wakali juu ya kumzuia mtu asiye na paki, na ligi nyingi zimefuata mkondo huo.

"Rudisha" ndiyo tamu, na ndiyo ya hatari. Tuitazame polepole. Beki anaanza kuzunguka goli, mkabaji amemganda mgongoni na kasi yake yote inaelekea huko huko. Beki mwenza anaona hilo, anashuka kwenye kona ambayo mwenzake ameiacha na kuita "Rudisha!" Beki mwenye paki, bila kugeuka, anaigonga ukutani kwa nyuma na inarudi kule alikotoka. Mkabaji amekwisha pita. Kwa sekunde moja au zaidi, beki mwenza ana barafu tupu mbele yake na senta akipita katikati. Sasa fikiria sauti haikutoka, au ilitoka na beki mwenza hajafika. Paki inateleza peke yake kwenye kona, na wa kwanza kuifikia ni mkabaji wa pili, mita chache kutoka goli lako. Kwa hiyo kanuni ni moja: harudishi mtu bila kuitwa.

"Ukuta" ni kuipiga paki kwa nguvu izunguke ukutani hadi kwa winga wa upande wa mbali. Kila timu inaihitaji pale wakabaji wawili wanapomfikia beki kwa pamoja. Tabu ni kwamba ni rahisi, na beki mwenye wasiwasi huifanya hata akiwa peke yake. Beki wa mpinzani akijua hivyo atakuwa anaisubiri tu pale ukutani. Nikiiona timu inayotoka nyuma kwa ukuta mara kwa mara, huwa nakagua kwanza kama kipa na beki mwenza wanaongea.

Hatua ya 5: Kipa ni beki wa tatu

Katika miaka ya 1950 Jacques Plante, kipa wa Montréal, aliwazoesha watu kuona kipa akitoka golini kwenda kuisimamisha paki nyuma ya wavu. Martin Brodeur wa New Jersey Devils aliipeleka kazi hiyo mbali kiasi kwamba NHL, kuanzia msimu wa 2005-06, ilichora umbo la trapeza nyuma ya goli na kumkataza kipa kuicheza paki nje ya umbo hilo akiwa nyuma ya mstari wa goli. Soma kanuni za ligi yako uone kama umbo hilo lipo.

Kwa kipa wa kawaida inatosha afanye mambo mawili: aisimamishe paki inayozunguka ukutani, na aiache mahali ambapo beki ataichukua kwa uso wa gongo, sentimita chache kutoka ukutani. Ikigandamana na ukuta kabisa, beki atahangaika kuibandua. Pasi za mbali waachie wenye kipaji.

Hatua ya 6: Msome mkabaji kama timu

Sasa mifumo. Mpinzani akituma wawili kwa nguvu, mmoja katikati na mabeki wawili nyuma, yaani 2-1-2, kona zote mbili zinashambuliwa. "Vuka" inakuwa ya kujitafutia balaa. Jibu ni "Juu" ya haraka, au "Ukuta" wenye akili, huku senta akiwa karibu sana kusaidia. Ukipita wale wawili, una watu wanaokimbilia mbele dhidi ya watatu waliobaki.

Kwenye 1-2-2 anakuja mmoja tu na wawili wanakaa kuwabana mawinga ukutani. Beki ana muda, lakini "Juu" imezibwa. Mlango uko katikati, kwa senta, au ni "Vuka" yenye subira inayomlazimisha mkabaji wa kwanza avuke uwanja mzima.

1-3-1, mmoja mbele, watatu katikati na mmoja nyuma, ni ya wenye subira zaidi. Tarehe 9 Novemba 2011 Philadelphia Flyers walikutana na mfumo huo wa Tampa Bay Lightning chini ya kocha Guy Boucher, na mabeki wao wakasimama na paki nyuma bila kusogea, wakigoma kuuingia mtego. Lightning nao hawakuja. Watazamaji wakazomea na waamuzi wakapuliza filimbi. Kwa kocha, usiku ule ulionyesha wazi kwamba mtego wa watatu katikati hauvunjwi na pasi moja. Unahitaji kurudi nyuma, kubadilisha upande kwa pasi ya beki kwa beki, na kumleta mtu wa nne akiwa tayari kwenye kasi kabla hajapokea.

Wazo hilo la mtu mwenye kasi ndilo linalotumika pia mnapokuwa na mtu mmoja zaidi kwa sababu mpinzani mmoja ametolewa kwa adhabu. Beki anapanda na paki hadi karibu na mstari wa buluu wake, anawavuta walinzi wawili, kisha anaiacha kwa nyuma kwa mwenzake anayekuja kwa kasi kamili. Iwapo timu yako haina mtelezaji wa namna hiyo, usiige. Utaishia kuwa na watu wanne waliosimama na mmoja aliyegongwa.

Hatua ya 7: Njia zote zikizibwa

Itoe kwa kioo, upande, nje ya mstari wa buluu. Isiruke juu ya kioo: kwenye NHL, tangu msimu wa 2005-06, kuitoa paki moja kwa moja nje ya uwanja ukiwa kwenye eneo lako la ulinzi ni adhabu ya dakika 2. Na usiipige tu mbele mpaka ivuke mstari wa goli la mpinzani. Paki itarudishwa kuanzishwa kwenye eneo lako na, kwa kanuni ya NHL, hao hao waliochoka hawaruhusiwi kubadilishwa. Umekimbia shida ya sekunde kumi ukanunua ya dakika nzima.

Hatua ya 8: Mpangilio wa mazoezi

Siku ya kwanza ni watano dhidi ya hewa: dakika chache tu, kila mtu ajue pa kusimama. Usikae hapo. Zoezi lisilo na mkabaji hutoa timu inayopendeza kwenye mazoezi peke yake.

Mara moja ongeza mkabaji mmoja, naye umpe siri: mnong'oneze upande wa kuziba. Beki na mwenzake hawajui. Sasa macho na sauti vinapata kazi. Paki itupwe na kocha, kila mara mahali tofauti: kona, nyuma ya goli, ikidunda, ikizunguka. Wakifaulu mfululizo, ongeza wa pili. Malizia na watano kwa watano, na goli la kutoka nyuma lihesabiwe pointi moja pale paki inapovuka mstari wa buluu ikiwa mikononi mwa mtu wenu. Ikitoka bila mwenyewe, hakuna pointi.

Kwenye uwanja mdogo fanya watatu kwa watatu, mabeki wawili na senta, ukiacha mawinga nje. Watajifunza "Vuka" na "Rudisha" kuliko wale wenye uwanja mzima.

Hatua ya 9: Hesabu, kisha panga benchi

Simu iliyowekwa juu ya jukwaa nyuma ya goli inatosha. Kila mara timu yako inapoipata paki nyuma, andika mambo matatu: beki aliangalia mara ngapi, sauti ilitoka au la, na paki ilitoka vipi: ikiwa mikononi, ikiwa haina mwenyewe, au haikutoka kabisa. Usiandike kwanza nani alikosea. Baada ya mechi chache utaona kama tatizo ni shingo, sauti, au senta anayekimbia mapema, na ratiba ya wiki itajipanga yenyewe.

Soma hesabu hizo kwa kila kipindi peke yake. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, na benchi lako linakuwa mbali na eneo lako la ulinzi. Mabeki waliofungiwa nyuma hawawezi kukimbilia benchi bila kuacha pengo. Kwa hiyo kwenye dakika hizo 20 fupisha zamu za mabeki, waambie waende benchi kubadilishwa pale tu paki imeingia ndani kabisa upande wa mpinzani, na wale wawili wenye sauti kubwa kuliko wote usiwaweke jozi moja.